Mjadala: Kocha wa besiboli ya vyuo afuate takwimu, au akubali kwamba bahati ndiyo inayoamua?

Mkaazi wa Omaha
Ndugu zangu, ninaishi Omaha, mji wa jimbo la Nebraska ambao umekuwa mwenyeji wa fainali za besiboli ya vyuo vikuu vya Marekani tangu 1950, na kila Juni ninaingia uwanjani na swali lilelile. Mwaka 2022 Tennessee ndiyo iliyokuwa timu namba moja nchini. Ilimaliza msimu ikiwa imeshinda michezo 57 na kupoteza 9, lakini haikufika hata hapa, kwa sababu Notre Dame iliing'oa nyumbani kwake Knoxville katika mfululizo wa michezo mitatu. Ubingwa ukachukuliwa na Ole Miss, timu ya mwisho kabisa kuteuliwa kati ya 64. Je, tuseme kocha wa Ole Miss alimzidi mwenzake wa Tennessee? Mimi sisemi hivyo. Timu yenye uwezo wa kumfunga mpinzani mara 60 katika michezo 100 itatwaa mfululizo wa michezo mitatu mara 65 tu katika 100. Hizo 35 zilizobaki ni bahati ya mwenzake.

Kwa hiyo naona kocha apimwe kwa uamuzi alioufanya kabla mpira haujarushwa. Chukueni kocha anayemwamuru mpigaji auzime mpira kwa gongo, yaani auguse tu udondoke karibu, yeye mwenyewe atolewe ili mwenzake asogee kutoka besi ya kwanza hadi ya pili (besi ni vile vituo vinne ambavyo mchezaji huvizunguka ili apate pointi). Katika jedwali la takwimu za ligi kuu ya kulipwa, misimu ya 2010 hadi 2015, timu iliyokuwa na mtu besi ya kwanza bila ya yeyote kutolewa ilipata wastani wa pointi 0.86 hadi mwisho wa awamu, yaani zamu ya kupiga, ambayo huisha watatu wakitolewa. Ikiwa na mtu besi ya pili na mmoja ametolewa, wastani ulikuwa 0.66. Kocha huyo amekosea hata siku ambayo mkimbiaji wake anafunga na uwanja mzima unamshangilia.

Sharifu wa Kisauni
Bwana, hesabu zako sina neno nazo, ila hilo neno "bahati" limenichoma. Vijana wa Ole Miss walifikia mahali katika ligi yao wameshinda 7 na kupoteza 14, watu wakataka kocha wao Mike Bianco afukuzwe, nao hawakukata tamaa. Leo unawaambia waliokota ubingwa njiani? Mimi nimelelewa kuamini kwamba hakuna jambo linalokuwa pasipo kudura ya Mwenyezi Mungu, na anayejitahidi hufunguliwa njia. Kumwita mtu wa namna hiyo mwenye bahati ni kumvunjia heshima.

Mwalimu wa Hisabati, Morogoro
Sharifu, shikamoo. Naomba nisieleweke kuwa napingana na imani yako. Darasani mimi hutumia neno "nasibu", na maana yake ni ile sehemu ya matokeo ambayo sisi wanadamu hatuwezi kuitabiri kwa tunavyovijua. Anayeamini kudura anaweza kulikubali neno hilo bila shida yoyote, kwa kuwa linahusu mipaka ya elimu yetu tu.

Kwa Mkaazi wa Omaha ninalo swali zito zaidi. Umechukua wastani wa watu wazima wanaolipwa, wanaocheza michezo 162 kwa msimu, ukawapimia vijana wa vyuo ambao ratiba yao ya kawaida haizidi michezo 56. Mpigaji wa chuo akipata nafasi 200 msimu mzima amepata nyingi. Tuseme uwezo wake wa kweli ni mapigo 30, yaani mipira anayoipiga akafika besi salama, katika nafasi 100. Katika nafasi 200 tutamtarajia apate 60, lakini nasibu peke yake inaweza kumshusha hadi 47 au kumpandisha hadi 73, na bado ni kijana yuleyule. Wa 47 ataitwa mzigo na wa 73 ataitwa nyota. Isitoshe, walinzi wa vyuo hukosea kurusha na kudaka mara nyingi kuliko wa kulipwa, kwa hiyo mpira uliozimwa huleta faida ambayo jedwali lako halikuihesabu.

Shabiki wa Knoxville
Mnatuzungusha bure. Sisi hatukutolewa na nasibu wala na kudura, tulitolewa na utovu wa nidhamu. Mchezaji wetu Drew Gilbert alifukuzwa na mwamuzi katika mchezo wa kwanza dhidi ya Notre Dame, akakosa mchezo wa mwisho, tukafungwa. Na mbona hamsemi kwamba 2024 tulirudi tukiwa namba moja tena na tukatwaa ubingwa hapohapo Omaha?

Mkaazi wa Omaha
Ndugu yangu wa Knoxville, Gilbert alikosa mchezo wa pili, na huo ndio pekee mlioushinda, tena kwa 12 kwa 4. Wa tatu alicheza, mkafungwa 7 kwa 3. Kuhusu 2024, hongera ya dhati, lakini kumbuka kwamba ninyi ndio namba moja wa kwanza kutwaa taji tangu Miami ya 1999. Miaka yote ya katikati timu iliyopangwa juu kuliko zote ilianguka, na siamini kwamba makocha wote hao walisahau kazi yao mwezi Juni.

Mwalimu, kuhusu makosa ya walinzi nakubali, na jedwali la ligi kuu sitalitumia tena kana kwamba ni sheria.

Sharifu wa Kisauni
Basi nijibuni hili. Juni 2022, mchezo wa kuamua nani aingie fainali, Ole Miss dhidi ya Arkansas. Takwimu zinasema wapigaji wakikutana na mrushaji yuleyule kwa mara ya tatu humsoma vizuri zaidi. Bianco alimwacha Dylan DeLucia arushe awamu zote tisa, wakashinda 2 kwa 0. Je, huyo alikosea?

Mwalimu wa Hisabati, Morogoro
Hakukosea. Takwimu hiyo ni ya warushaji kwa jumla, naye alikuwa na mrushaji mmoja mbele ya macho yake, na aliuona mpira wake siku ile. Hicho nacho ni kielelezo.

Mama Mchezaji
Nimesoma yote kimya, sasa naomba nafasi. Mwanangu anachezea chuo kimoja kidogo cha kusini. Mwezi uliopita aliwekwa benchi, na kocha akamwonyesha karatasi: mapigo 3 katika nafasi 19. Mimi nilikuwepo kwenye michezo hiyo yote. Niliona mipira mitano aliyoipiga kwa nguvu, inaruka kama mshale, ikaingia moja kwa moja kwenye glavu ya mlinzi aliyekuwa amesimama tu, naye akahesabiwa ametolewa. Kwetu tunasema mpira unadunda. Wake haukupata hata nafasi ya kudunda. Mnabishana kuhusu mabingwa wa Omaha, lakini hesabu hizi zinaangukia kijana wa miaka 19 ambaye tangu siku hiyo hali chakula vizuri.

Mwalimu wa Hisabati, Morogoro
Mama, pole sana. Nafasi 19 hazitoshi kumhukumu mpigaji yeyote, na kocha aliyemwonyesha mwanao karatasi ile hakufuata takwimu, alifuata tarakimu. Je, kuna aliyeandika kila mpira ulivyopigwa na ulikoelekea, hata ule uliodakwa?

Mama Mchezaji
Hakuna, mwalimu. Jumamosi wana mazoezi ya wazi, wazazi wanaruhusiwa kukaa nyuma ya wavu. Nielekeze nichore safu wima ngapi kwenye daftari, na kila moja niiandike nini juu.

Mwalimu wa Hisabati, Morogoro
Nne, mama. Tarehe, ulikoelekea mpira, ulipigwa kwa nguvu au kwa ulegevu, matokeo. Hiyo ya tatu uiandike kabla hujaona kama umedakwa.