Chuo kinataka kushirikiana na kikundi chetu cha sabuni ya mwani. Tukubali?

MamaKarafuu (Jambiani)

Asalaam alaykum. Sisi ni kinamama kumi na mmoja wa Jambiani, Unguja. Tunalima mwani na tunatengeneza sabuni kwa mafuta ya nazi, kostiki (magadi makali ya kutengenezea sabuni), unga wa mwani na karafuu. Hoteli zinanunua vizuri. Shida ni vipande vinavyokaa zaidi ya miezi mitatu: vinatoa jasho, halafu vinaota madoa ya rangi ya machungwa na kunuka mafuta yaliyochacha. Mwezi uliopita hoteli moja ilinirudishia katoni nzima. Nililia, sifichi.

Sasa mwalimu mmoja wa chuo kikuu anataka kuleta wanafunzi wawili wakae nasi miezi mitatu, waipime sabuni. Wenzangu hawataki. Miaka ya nyuma walikuja watafiti, wakatuuliza maswali tukiwa ndani ya maji, wakaondoka na mwani wetu mifukoni, na hatukuona hata karatasi moja. Bi mkubwa wetu anasema hawa nao watachukua ujuzi wetu wakauze kwa kampuni. Kuna aliyewahi kufaidika kweli?

BamvuLaPaje

Wa alaykum salaam, mdogo wangu. Mie nalima tangu niko msichana, na huo mwani wenyewe umetufikia kwa njia hiyo hiyo ya watafiti. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliuchunguza mwani wa pwani zetu tangu miaka ya 1970, akahimiza ulimwe. Mwaka 1989 ndipo kilimo cha biashara kikaanza, kwa mbegu kutoka Ufilipino, hapa Paje na huko kwenu.

Tunalima mwani wa aina mbili, kotonii na spinosumu. Halafu kotonii ikaanza kufa. Bamvu hili, yaani siku za maji kutoka sana, unaiacha imenawiri, bamvu lijalo unakuta taitai tupu, vile vikamba vya kufungia mwani, kwenye kamba na vitawi vimegeuka vyeupe, ukivishika vinakatika. Na kotonii ndiyo yenye bei, si spinosumu. Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari alijaribu pamoja na wakulima nyavu za mrija, ndefu kama bomba na mwani hukaa ndani, kwenye maji ya kina, kusiko na joto la huku ufukweni. Halikuwa jambo jepesi, maana wengi wetu hatujui kuogelea na kule kunataka chombo. Lakini kule kujua tu kwamba ni joto la maji, si hasadi ya jirani, kulitutuliza roho.

Sabuni nayo ilienezwa vijijini kupitia umoja wa wakulima, watafiti na wafanyabiashara ambao Dk. Msuya alishiriki kuuanzisha mwaka 2006. Muulize bi mkubwa wenu alijifunzia wapi.

FundiMaabara

Shikamoo mama. Nimefanya kazi maabara ya kiwanda cha sabuni Dar miaka tisa. Jasho na madoa ni maradhi mawili. Gilisarini iliyomo kwenye sabuni huvuta unyevu wa hewa, na mwani usiosuuzwa kwa maji matamu una chumvi, nayo inavuta. Madoa ni mafuta ambayo hayakushikwa na kostiki, yanachacha polepole. Mnapima kostiki kwa mizani au kwa kikombe? Kikombe cha chenga na kikombe cha vipande havina uzito mmoja.

Maabara ya chuo itakupimia unyevu na alkali iliyobaki, yaani kostiki isiyoshikana na mafuta, kazi ambayo ukiilipia mwenyewe itakumaliza. Na mkitaka alama ya ubora ya Taasisi ya Viwango Zanzibar, hamkwepi vipimo. Mwanafunzi naye anapata kazi ya kweli. Mimi mafunzo yangu kwa vitendo niliyamalizia nikihesabu maboksi ghalani wiki nane, hadi leo yananiuma.

Ila andikianeni kabla hawajafika. Mchanganyiko wenu ni mali ya kikundi, usichapishwe bila ridhaa yenu. Majibu yarudi kwa Kiswahili, yasomwe mbele yenu wote. Na swali liwe lenu: kwa nini inachacha baada ya miezi mitatu? Wakiachiwa kutafuta swali wao, watakuja na dodoso la kurasa kumi na mbili.

MamaKarafuu (Jambiani)

Marahaba mwanangu, na ahsante dada wa Paje. Jana nimewasomea wenzangu yote haya tukiwa tunaanika. Bi mkubwa alinyamaza kitambo, kisha akasema ni kweli, alifundishwa kwenye semina ya watafiti, na daftari lake analo bado. Kostiki tunapima kwa kikombe cha plastiki kilichovunjika mkono. Mwani tunausuuza kwa maji ya bahari, kwa sababu maji matamu tunanunua kwa dumu.

Tumekubali. Mwalimu nimemwandikia yale masharti matatu, naye ameyaridhia. Wanafunzi watakuja bamvu lijalo, maji yanatoka saa nne asubuhi, washuke nasi kwanza. Ile katoni iliyorudishwa sijaitupa. Nimewawekea.