Mjadala: Thanos alikuwa na hoja, au ni uchovu wetu unaosema?

Mwanzishaji mada (mwalimu, mtaa wa Umoja, Nairobi)

Jumamosi iliyopita ilikuwa siku ya nane bila maji kwetu. Mpwa wangu wa kidato cha nne alirudi na mitungi minne ya lita 20, kila mmoja shilingi 30, tukaketi kutazama sinema angalau tusahau. Akachagua Infinity War ya mwaka 2018.

Kwa asiyeijua: jitu liitwalo Thanos linazunguka anga likikusanya mawe sita yenye nguvu. Akishayapata yote, ataalisha vidole mara moja tu na nusu ya viumbe hai wote ulimwenguni watageuka vumbi. Sababu yake si ufalme wala dhahabu. Sayari aliyozaliwa, Titan, ilikuwa na midomo mingi kuliko chakula. Alipendekeza nusu ya watu wauawe kwa bahati nasibu, tajiri na maskini sawasawa. Wakamwita kichaa, na Titan ikafa kweli. Sasa anataka kuwaokoa wengine wote kwa dawa ile ile.

Sinema ikaisha steringi wameshindwa, jambo ambalo sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video hatukuwahi kuliona. Thanos ameketi peke yake mbele ya kibanda, anatazama jua, ametulia. Mpwa wangu akashusha pumzi: "Lakini mjomba, huyu jamaa ana hoja. Tumekuwa wengi mno." Akanyoosha mkono dirishani, kwenye foleni ya mitungi ya njano iliyokuwa haijasonga tangu aiache.

Nimeisikia kauli hiyo darasani, kwa kinyozi, hata kwenye mazishi. Ndiyo maana naileta hapa. Kumhurumia Thanos si kosa. Hata mimi nilishikwa na simanzi alipolia. Kinachonisumbua ni jinsi neno "wengi" linavyopita bila mtu kuliuliza limetoka wapi.

Basi tupige hesabu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 4.4 Nairobi. Nusu yake ni milioni 2.2, yaani karibu sawa na jiji la sensa ya 1999. Waliokuwepo wakumbuke: ukame wa wakati ule ulituletea mgao wa umeme wa mwaka 2000, mchana mzima giza viwandani, na mimi nilibeba ndoo kama anavyobeba mpwa wangu leo. Nusu ya watu, na foleni ilikuwepo. Duniani ni vivyo hivyo: ukitoa nusu ya watu wa 2018 unarudi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Njaa haikuwepo?

Tena anaondoa nusu ya viumbe hai wote, si binadamu peke yao. Ng'ombe nao wanaenda, na samaki. Walaji wamepungua, chakula kimepungua. Sasa amepunguza nini?

Maji yetu mengi yanatoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, lililokamilika 1994. Jiji limekua zaidi ya maradufu tangu hapo, hilo nalikubali. Lakini zaidi ya theluthi ya maji yanayoingia kwenye mabomba ya Nairobi hupotea kabla hayajalipiwa: mabomba yanayovuja, na mengine yaliyotobolewa usiku na wenye kuuza. Nauliza kwa moyo wote: kwa nini tukiona foleni tunawaza kupunguza watu kabla ya kuwaza kuziba bomba?

Kijana wa Pipeline

Mwalimu, kwa heshima. Hesabu yako ni sawa na bado hujatugusa sisi tunaomwelewa Thanos.

Naishi Pipeline, Embakasi, ghorofa ya sita. Majengo yamebanana hivi kwamba saa sita mchana nawasha taa ili nione sukari. Hata mfereji wa chini ukitoa maji, kwangu hayapandi. Ng'ambo ya barabara kuna mtaa wenye kisima chake na bustani zinazonyunyiziwa asubuhi. Nikiwa mtoto niliambiwa nivumilie, maji yanagawanywa. Hayagawanywi, mwalimu. Yanafuata pesa.

Sasa mtu kama mimi anaketi, anamwona kiumbe mwenye nguvu zote anayesema: sitachagua. Sitaangalia kabila wala akaunti ya benki. Bosi na mlinzi wake wa langoni, nafasi sawa. Unajua hilo linavyoingia kwa mtu ambaye hajawahi kupewa nafasi sawa na yeyote? Si kwamba nataka watu wafe. Nilichosikia ni neno "sawasawa", na nilikuwa na kiu nalo kuliko maji.

Kumwelewa si kumuunga mkono. Msituweke kapu moja na wauaji.

Mama wa mtaa wa Huruma

Mwanangu wa Pipeline, nimekusikia, na kilio chako ni cha haki. Lakini ngoja nikwambie nilichokiona mimi katika sinema hiyo, kwa sababu wanangu wameirudia hadi naijua.

Kuna pale Thanos anapomkuta Gamora, ambaye baadaye alimlea kama binti yake, akiwa mtoto mdogo. Watu wa sayari yake wametenganishwa makundi mawili, huku na huku. Mtoto anamtafuta mama yake. Thanos anamchukua kando, anampa kisu kidogo chenye ncha mbili, anamfundisha kukisawazisha juu ya kidole. Kisu kinalala sawa, mtoto anakikazia macho. Nyuma yake risasi zinalia, na mtoto akitaka kugeuka anarudishwa atazame kisu.

Hiyo ndiyo "sawasawa" yake. Kwanza anakugeuza uso.

Nimefanya kazi ya afya ya jamii mitaa ya huku kwa miaka 19, mlango kwa mlango. Kuna mama mmoja alikuwa akificha kadi ya kliniki ndani ya mkebe wa unga, chini kabisa, ili mumewe asijue anapanga uzazi. Kila miezi mitatu anaikung'uta unga, anakuja. Watu kama yeye ndio waliobadilisha hesabu ya nchi hii. Kenya ilianza mpango wa taifa wa uzazi mwaka 1967, ya kwanza kusini mwa Sahara. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke Mkenya alikuwa akizaa kwa wastani watoto wanane. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta 3.4. Hakuna jitu lililoalisha vidole. Ni wasichana kubaki shule, ni dawa kupatikana zahanati, ni watoto kuacha kufa kwa surua hata mama akawa na imani kwamba wawili aliowazaa watakua.

Thanos ana mawe ya kuugeuza ulimwengu atakavyo, na hakukaa na mama hata mmoja kumuuliza anahitaji nini. Nikifikiria hilo nakasirika hadi leo.

Mchangiaji, Pangani

Mbona tunasahau 2020? Watu walipofungiwa, hewa ilisafika, wakapiga picha Mlima Kenya umesimama nyuma ya majengo ya jiji. Sisemi watu wafe. Nasema dunia ilipumua tulipopungua.

Dereva, njia ya Rongai

Ndugu wa Pangani, hatukupungua. Tulikuwa wote hapa hapa, tumefungiwa ndani, wengine na njaa. Kilichopungua barabarani ni magari, na mimi nilikuwa mmoja wa waliopungua.

Na hiyo nusu yenu mimi nimeiendesha kwa mikono yangu. Mwaka ule serikali ilisema gari la abiria 14 libebe 8. Karibu nusu ya viti vitupu, raha eti, kila mtu amekaa peke yake dirishani. Mwenye gari hakupunguza hesabu yake ya siku, zile pesa anazodai kila siku, kwa ajili hiyo. Mafuta hayakujaza tangi yenyewe. Nauli ikapanda. Aliyekuwa akienda mjini kwa nauli ya kawaida akaanza kutembea kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Makanga wangu akakosa kazi, na mama aliyekuwa akituuzia chai steji akafunga, maana wanywaji ni haohao abiria. Viti vilikuwepo, watu walikuwepo, na watu wanatembea kando ya gari tupu.

Tangu hapo mtu akiniambia tukibaki nusu vitu vitatosha, namuuliza nani atalipa hesabu ya siku.

Mwanzishaji mada

Dereva, ungenifundishia darasa langu kesho ningekaa nyuma nisikilize.

Kijana wa Pipeline, nakiri nilikujibu kabla hujaniuliza. Sikuona kwamba kinachowavuta ni ile bahati nasibu. Nimeifikiria siku mbili. Nikamwambia mpwa wangu tutazame sehemu ya pili, Endgame ya 2019. Humo watu wanasafiri kurudi nyuma ya wakati, na Thanos wa miaka ya nyuma anapata habari kwamba mpango wake utafaulu, na kwamba waliobaki hawatashukuru. Watalia, watajaribu kuwarudisha wapendwa wao. Anafanya nini? Anasema basi atauvunja ulimwengu wote hadi chembe ya mwisho na kuumba mwingine, wenye watu wasiokumbuka kilichopotea, watakaoshukuru. Bahati nasibu imeishia wapi hapo? Usawa ule uliokugusa aliutupa siku aliponyimwa shukrani. Nadhani alikutumia, kijana wangu, kama alivyotumia kile kisu.

Kijana wa Pipeline

Hilo la sehemu ya pili nimelikubali, mwalimu. Na mama, ile ya kugeuzwa uso imeniuma, sitaificha. Thanos nawaachia.

Lakini kiu ya "sawasawa" bado ninayo. Kama si yeye, nani atakuja Pipeline kuniambia maji yatapanda ghorofa ya sita siku ileile yanapofika ng'ambo?

Mwanzishaji mada

Sina jibu la hilo. Ninachoweza kukwambia ni cha nyumbani kwangu tu. Maji yalirudi Jumanne saa nane usiku. Mpwa wangu ndiye aliyesikia mfereji ukikohoa. Nilipotoka chumbani nilikuta ndoo moja imewekwa chini yake, haijafika nusu, mlango uko wazi, naye yuko juu ngazini anagonga mlango mmoja baada ya mwingine, kwa sababu kule juu kwetu pia hayapandi.