Huyu Esham wa Detroit ni mtu gani hasa? Mama ameshafukiza ubani kibandani

Fundi_Flashi (Mwanga, Kigoma)

Wakuu, habari za jioni. Nina kibanda hapa Mwanga, si mbali na soko, kazi yangu kuingizia watu nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Wateja wangu ni madereva wa bajaji na vijana wa mitumbwi ya Kibirizi, na wanachotaka nakijua kabla hawajafungua mdomo: singeli, Bongo Fleva, na bolingo kidogo kwa wazee. Wiki mbili zilizopita akaja kijana ambaye ndugu zake walitoka kambi ya Nyarugusu wakapelekwa Marekani, jimbo la Michigan. Akanipa flashi nimtolee virusi. Ndani mna folda moja tu, imeandikwa ESHAM. Nikamwomba ninakili, akasema chukua zote, mimi zinanikosesha usingizi.

Nikasikiliza usiku kwa hedifoni. Jamaa anachana kama mtu anayegombana na ukuta. Chini yake kuna gitaa zito la roki, limekatwa kipande kidogo kikawa kinajirudia, kinajirudia, mpaka unageuka kuangalia mlango. Mambo yake ni majeneza, Siku ya Hukumu, kuzimu, mtu kujitoa uhai. Kiingereza changu cha kidato cha nne, nusu inanipita. Nusu niliyoipata imenitosha.

Kosa langu ni kuipiga kwenye spika kubwa mchana, siku mama kaniletea ugali na migebuka. Akaweka hotpoti chini, akasikiliza, akauliza huyo anayenguruma kapatwa na nini. Mtoto wa fundi cherehani wa jirani, ambaye Kiingereza chake kimeninyoosha, akamtafsiria jina la albamu: maneno yanayovuma kutoka Jehanamu. Kesho yake mama alikuja na chetezo, akafukiza kibanda kizima mpaka wateja wakadhani nimeuza biashara kwa mganga.

Sasa naomba kuelimishwa. Huyu mtu ni mwabudu shetani kweli au ni sanaa? Mbona simsikii popote wakati kwa masikio yangu ni mkali? Na je, kitu kama hiki kinaweza kuchanwa kwa Kiswahili watu wasicheke?

Mzaramo_Original

Yaani mtu wa Kigoma, mwisho wa reli, unatishwa na wimbo wa Mmarekani? Mimi nilidhani nyie ndio mnaowatisha wengine. Hebu tuache tupumue.

Mzee_Kaseti (Tabora)

Mzaramo punguza utani, kijana kauliza la maana.

Fundi, mimi miaka ya tisini nilikuwa Kariakoo, narekodi kaseti za TDK za dakika tisini kwa oda. Wewe leo unafanya kwa flashi kile kile nilichofanya kwa kalamu ya kuzungushia utepe. Mabaharia walikuwa wanatuletea kanda, na mojawapo ilikuwa ya huyo bwana.

Esham ni wa Detroit. Hiyo albamu iliyomtoa mama kwenye reli, *Boomin' Words from Hell*, ni ya 1989, na alikuwa bado kijana mbichi kabisa. Yeye na kaka yake walianzisha lebo yao wenyewe, yaani kampuni ya kutoa nyimbo, Reel Life Productions. Hapo ndipo andagraundi yake ilipo. Aliyemiliki kinu alikuwa mwenyewe, hapakuwa na bosi wa kumwambia mstari huu toa. Mwaka 1992 akaachia *Judgement Day* kwa juzuu mbili, moja ya mchana, moja ya usiku. Mwaka huo huo akawa na kundi la Natas. Geuza hizo herufi uone: Satan, shetani kwa Kiingereza. Halafu wao wenyewe wakasema kirefu chake ni taifa lililotangulia wakati na anga. Swali lako la uabudu shetani, mimi jibu langu liko hapo: huo ni ujanja wa kijana anayejua mzazi atasoma jina kinyumenyume, akamtegea.

Mtindo wake aliupa jina mwenyewe, rap ya asidi. Wenzake wengi enzi zile walikuwa wanakata vipande vya muziki wa soul na funk. Yeye akaongeza roki nzito, ile ya wazungu wenye nywele ndefu. Ndiyo maana linakugongea mlango.

Lakini ukitaka kumwelewa, uangalie mji. Detroit mwaka 1950 ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.8. Kufika 1990 imebaki na milioni moja na kidogo. Viwanda vya magari vimepungua, nyumba zimeachwa mitaa kwa mitaa. Na walikuwa na kitu wanakiita Usiku wa Ibilisi, tarehe 30 Oktoba, vijana wanatoka kuchoma majengo. Mwaka 1984 ilihesabika mioto zaidi ya 800 katika siku hizo. Mtoto aliyekulia humo ukimwambia aimbe kuhusu kuzimu, anafungua dirisha tu.

Kwa nini humsikii? Redio gani itapiga mambo yale saa nane mchana? Ila waliomsikia walimsikia kweli. Eminem, mtoto wa Detroit hiyo hiyo, alimtaja kwa jina kwenye albamu yake ya 1999. Insane Clown Posse, kundi jingine la rap la Detroit, walikuwa naye tangu mwanzo, na baadaye akahamia kwenye lebo yao, akatoa *Repentance* 2003. Maana yake toba. Mwambie mama, labda atapoa.

Na hakuwa peke yake. Houston walikuwapo Geto Boys, New York Gravediggaz mwaka 1994, Memphis Three 6 Mafia waliouza kaseti za mkononi kama sisi, mwisho wakaja kubeba tuzo ya Oscar 2006. Hao mtafute mmoja mmoja, nikianza nitakesha.

Binti_Ujiji

Mwakeye ndugu zangu. Mimi nitasema tofauti kidogo. Nilipitia nyimbo za hao watu, nikaona kila wanapokosa cha kutisha wanamkata mwanamke. Wimbo wa kwanza unashituka, wa tano unachoka, wa kumi unajua mtu hana jipya. Esham ana nyimbo za kumuogopesha yeye mwenyewe, anapochana kuhusu kichwa chake, hizo ni nzuri sana. Zile nyingine, kaka Fundi, mama yako ana haki na ubani wake.

Kuhusu Kiswahili: watu watacheka ukileta jeneza la Detroit. Sisi hapa Ujiji tumekaa mwanzo wa njia ya misafara ya watumwa, kutoka ziwani kupita Tabora mpaka Bagamoyo, zaidi ya kilomita elfu moja kwa miguu, na miembe ya njia ile bado ipo, tunakula embe zake. Bibi yangu hakuwa anatupa hadithi za zimwi. Alikuwa anatuonyesha mwembe, ananyamaza. Chana hiyo kama unaweza.

Fundi_Flashi (Mwanga, Kigoma)

Asanteni sana. Mzee Kaseti shikamoo, na dada umenigusa.

Nimejaribu. Ya miembe nimeiogopa, sijaiweza. Nikaenda ziwani, maana wateja wangu ndio huko walipo. Siku za giza wanatoka na taa kuvuta dagaa, mbalamwezi ikiwaka wanakaa nyumbani, na ndipo wanakuja kibandani kupiga soga. Stori zao nimezisikia miaka sita. Juzi usiku nikaweka biti ya gitaa kwenye simu, nikachana hivi:

*Tulisukuma mtumbwi wanne, mwezi haujatoka,*
*Taa ikazimika ghafla, maji hayajachafuka,*
*Nikahesabu vichwa gizani, watano, nikashituka,*
*Wa tano hakunijibu, wavu ukaanza kushuka.*

Nikapiga spika kubwa makusudi, mama akiwepo. Vijana wa Kibirizi wawili walikuwa wanasubiri flashi zao. Hakucheka mtu. Mmoja akachukua flashi yake kabla haijajaa akaondoka. Mdogo wake mama yangu alizama ziwa hili mwaka niliozaliwa, nilisahau, au nilijifanya nimesahau. Mama aliondoa sahani taratibu, akasema: "Yule Mmarekani wako mpige tu. Hii usiipige tena."

Kwa hiyo sasa Esham ana ruhusa kibandani kwangu, mimi sina.

Mzee Kaseti, ile *Judgement Day* folda yangu ina juzuu ya mchana tu. Ya usiku unayo?