Wauza konokono wa baharini wa hapa Dar, mnauza viumbe msivyovijua na lawama mnatupa sisi

Wakuu, habari za jioni. Nimekaa kimya muda mrefu kwa sababu sisi tunaofuga viumbe wa baharini kwenye matangi ya maji chumvi hapa mjini ni wachache na tunajuana, ukimgusa mmoja kesho hupati hata chumvi ya kuchanganyia maji. Leo nasema, liwalo na liwe. Majina siyataji, wenyewe mnajijua.

Konokono mnawauza kama stilwaya za kusugulia sufuria. Mteja akilalamika kioo kimeota ukijani, jibu ni moja: "Chukua konokono, boss, watakusafishia." Ukiuliza anaitwaje: "wa kusafisha." Anakula nini? "Uchafu." Alitolewa wapi, na maji yake yana chumvi kiasi gani? Hapo muuzaji anadhani unatafuta njia ya kupunguziwa bei.

Sasa sikilizeni. Hakuna konokono anayekula kila "uchafu". Mavi ya samaki hali mtu. Konokono wa jamii ya Turbo na Trochus wanakwangua mwani kwenye mawe na kioo kwa ulimi wao wenye meno madogo madogo, basi. Nassarius hata huo mwani hana habari nao: ni mla mizoga, anajifukia mchangani mchana kutwa, akisikia harufu ya nyama ndipo anachomoza. Ukimweka kwenye tangi lisilo na mchanga umemtesa bure. Halafu kuna kauri wa madoadoa, Cypraea tigris, yule mzuri ambaye kila mgeni akiingia sebuleni anauliza bei. Akiwa mdogo anakula mwani kweli. Akikua anafika hadi sentimita 15, anahamia kwenye sponji hai za baharini na matumbawe laini, na njiani anaangusha kila jiwe ambalo hukuligandisha. Haya nani aliwahi kuambiwa dukani?

Na mkichota mwambani maji yakipwa mnakusanya kila chenye gamba, mnachanganya ndoo moja. Humo humo wanaingia wale wa jamii ya Muricidae, wenye miiba, ambao kazi yao ni kutoboa magamba ya wenzao na kuwala. Mteja anawaweka pamoja na Turbo, baada ya muda anakuta magamba matupu yenye tundu la duara, safi kana kwamba limepigwa keekee. Anampigia muuzaji. Anaambiwa maji yake mabaya.

Lakini kilichonifanya nifungue uzi huu ni kikubwa zaidi. Kijana kaniletea mzigo nyumbani, ndani kuna konokono mwenye gamba la umbo la koni, michoro ya kahawia na nyeupe, mzuri ajabu. Kamshika kiganjani, anamgeuza geuza ili nimuone, watoto wamejaa pembeni wanataka kushika. Jamani! Hao wa koni wote wana sumu. Wana jino lililochongoka kama chusa, wanalirusha na kumdunga samaki au mnyoo, anaganda palepale. Bahari yetu hii ya Hindi ina Conus geographus, ambaye ameshaua watu, na ina Conus textile ambaye naye si wa kuchezea. Dawa ya kuua sumu hiyo haipo. Hospitali inachoweza ni kukusaidia kupumua mpaka sumu iishe mwilini, kama umewahi kufika. Na msidanganyane kwamba ukimshika upande wa nyuma uko salama, maana mrija wake unanyooka na kugeuka mpaka huko. Kijana akaniambia, "Huyu hana neno mzee, nimekaa naye wiki nzima." Simlaumu sana kijana. Namlaumu tajiri wake, anayemtuma baharini bila hata kumwonyesha picha ya kitu cha kuepuka.

Tukiacha hatari, turudi kwenye vifo vya kawaida, ambavyo ndivyo vinavyowapa hela.

Njaa kwanza. Tangi dogo la lita mia mtu anauziwa konokono lundo. Wiki za mwanzo kioo kinang'aa, mteja anafurahi, anawasifia kwa wenzake. Mwani ukiisha, wanaanza kukonda ndani ya gamba, na konokono hafi kwa njaa haraka. Anaweza kukaa wiki nyingi, hata miezi, anapungua taratibu. Ndiyo maana muuzaji hashikwi: siku anapokufa, lile neno "watajilisha wenyewe" limeshasahaulika. Wauzwe wachache, na mteja aambiwe kwamba kioo kikiwa safi inabidi awalishe. Ile nori ya supamaketi, yaani mwani mkavu wa karatasi, isiyo na chumvi wala viungo inatosha, unaibana na klipu au unaikandamiza kwa jiwe jioni. Mabaki yatoe asubuhi.

Chumvi. Bahari ina takriban gramu 35 kwa kila lita, kwa kipimo cha uzito ukilinganisha na maji yasiyo na chumvi ni kama 1.025 hivi. Konokono hawa hawawezi kurekebisha chumvi ya mwili wao, wanafuata maji waliyomo, kwa hiyo mabadiliko ya ghafla yanawaua. Ninyi ndoo zenu zinakaa mlangoni juani, maji yanapungua, chumvi inabaki na kupanda. Wengine masika mnachota karibu na Salenda, pale Msimbazi unapomwaga maji yake, chumvi imeshuka na kila takataka ya mji imo. Mteja anafika nyumbani, anamtumbukiza moja kwa moja kwa sababu mmemwambia "weka tu". Kesho yake konokono yuko chini, amelegea, kifuniko cha gamba lake kimening'inia.

Dawa yake si ghali. Mpira wa dripu wa duka la dawa, unaufunga fundo kidogo, maji ya tangi yanadondoka taratibu kwenye chombo chake kwa saa moja au mbili. Nani kati yenu anamwambia mteja hivyo? Nani kati yenu ana hata kipimo cha chumvi? Nimeuliza duka moja wakanionyesha kidole, eti wanaonja.

Na huu ushauri wenu wa "maji yakipungua ongeza ya bahari" uacheni leo. Yanayopaa hewani ni maji matupu, chumvi inabaki tangini. Ukijazia ya bahari kila mara, chumvi inapanda mwezi hadi mwezi. Unajazia maji yasiyo na chumvi, yaliyochujwa vizuri. Ya kisima hapana, visima vingi vya mjini hapa ukionja tu unajua.

Kisha shaba. Hili ndilo linalonipandisha presha. Samaki wangu walitoka vidoa vyeupe, nikaenda dukani kuuliza. Nikapewa chupa ya maji ya bluu, haina lebo, "dawa ya samaki, unamimina kifuniko kimoja." Muuzaji huyo huyo, kaunta hiyo hiyo, siku hiyo hiyo, kanifungashia na konokono. Dawa yenyewe ni ya shaba! Shaba inaua vimelea vya samaki, ni kweli, na inaua pia konokono, kaa, kamba na viumbe wengine wengi wasio na uti wa mgongo. Samaki anatibiwa kwenye tangi la pembeni. Ukishaimwaga kwenye tangi kubwa, mawe na mchanga vinainyonya na kuirudisha majini baadaye, kwa hiyo hata konokono utakaowanunua mbele huko wako hatarini. Wangu walikufa wote. Nilipomrudia alicheka, akasema konokono "ni kitu cha kufa tu".

Kuhusu magamba kumomonyoka na kuwa meupe kileleni nitaandika siku nyingine, ni kalsiamu na alkalini (uwezo wa maji kuzuia asidi), watu wapime. Kalsiamu ikae 400 hadi 450 mg kwa lita. Joto nalo mnalijua, Februari umeme ukikatika nyumba nzima inachemka. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji inasaidia, mradi iwe na betri.

Kingine, acheni kutamba kwamba "huyu nimemtoa Mbudya." Visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi za bahari tangu 1975. Unajitangazia kosa mbele ya mteja halafu unaongeza bei.

Msidhani ni Bongo tu, maana najua mtakuja na "wenzetu Ulaya". Huko Marekani na Ulaya maduka yamewauzia watu Margarites pupillus kwa miaka, konokono wa maji ya baridi ya Pasifiki ya kaskazini, wakawekwa kwenye matangi ya joto ya matumbawe wakafa. Tofauti ni kwamba kule wateja walipiga kelele mpaka watu wakajua. Sisi hapa tunaambiwa tuna mkono mbaya.

Kuanzia sasa mimi sinunui kwa mtu asiyejibu maswali matatu: katoka wapi, anakula nini, maji yake yana chumvi kiasi gani. Wenye matangi humu fanyeni hivyo hivyo, na mwenye picha za magamba yaliyotobolewa azimwage hapa.

Na wewe wa chupa ya bluu, najua unasoma uzi huu. Risiti ninayo, na hela yangu sijaisamehe.