Eti Owairan ni dawa ya minyoo!! Jamaa wa maiki kanivua nguo mbele ya banda zima

Kanda_ya_Mjomba:

Wakuu salamu baadae. Nimetoka banda la kuonyeshea mpira sasa hivi, ugali umefunikwa pale mezani sijaugusa, mke wangu ananiangalia kama mgonjwa wa kurudishwa nyumbani, na mimi nimeamua nifungue uzi kabla sijapasuka.

Mnamjua. Jina simtaji, mods watanifungia, ila mnamjua. Yule wa koti la suti na ndala. Anayeshika maiki mapumziko utadhani anagombea ubunge. Maiki ikikwaruza anaipiga pajani kama anaua mbu. Eeh, huyo huyo.

Leo mapumziko katoa chemsha bongo, zawadi kuingia bure mwezi mzima. Mechi moja buku, pigeni hesabu wenyewe. Swali: ni Msaudia gani kwenye Kombe la Dunia la 94 alichukua mpira kwenye nusu yake akawakokota Wabelgiji mpaka golini akafunga? Wakuu mimi hilo swali nimelisubiri tangu niko darasa la pili. Nimeruka mkono juu, nimemmwagia kahawa mzee wa watu aliyekaa mbele yangu, sikujali, nikapaza sauti SAEED AL-OWAIRAN! Jamaa akaangalia kikaratasi. Akaniangalia mimi. Akasogeza maiki mdomoni taratibuuu akasema: "Kaa chini mzee, Owairan ni dawa ya minyoo, inatafunwa kabla ya kula."

BANDA ZIMA LIMECHEKA. Muuza karanga kaweka sinia chini ili acheke vizuri. Kuna katoto hata hakajalipa, kanachungulia kwenye tundu la turubai, eti kananiuliza "vinatafunwa vingapi?"

Na jibu lake yeye ni Sami Al-Jaber. Zawadi kapewa dogo mmoja aliyesema "Jaba". Jaba wakuu!! Hata jina la mtu hajalimaliza kapewa mwezi mzima!

Sasa nisikilizeni. Mimi goli lile nimekua nalo. Mwaka ule 94 mjomba alikuja kutoka Muscat na kanda ya video, kumbe kule alikosa kanda tupu akarekodi mpira juu ya harusi ya binti yake. Kwa hiyo unaweka kanda, unaona bibi harusi anaingia na kundi la mama zake, vigelegele, udi unafuka, anakaribia kukaa, kwaaaach mistari inapita, ghafla Owairan ana mpira nusu ya kwake. Anakimbia. Mbelgiji wa kwanza anaachwa, wa pili, watatu sijui wanne wale, hata hawajui wamguse wapi, anafika anajitupa anaubetua juu ya Preud'homme. Mtangazaji wa Kiarabu anapiga kelele mpaka spika ya TV inakoroma. Halafu kwaaaach, harusi imerudi, watu wanakula biriani. Mpaka leo yule binamu yangu hajawahi kujiona akikata keki. Tumelirudisha goli lile mpaka kanda ikaanza kutafunwa na mashine, tunaikunja kwa penseli tunairudisha tena. Halafu mtu wa ndala aniambie inatafunwa kabla ya kula.

Tarehe 29 Juni 1994, Washington, dakika ya 5 tu. Saudi Arabia ndo mara yao ya kwanza Kombe la Dunia, wakashinda 1-0 wakapita hatua ya 16 bora, ndo Sweden wakawatoa 3-1. Na huyo Preud'homme mnayemwona kapigwa pale si kipa wa mchangani, ndiye aliyechukua tuzo ya Yashin, ya kipa bora, mashindano yale. Mwaka huo huo Owairan kawa mchezaji bora wa Asia. Miaka miwili nyuma alishawafunga Argentina kwenye fainali ya Kombe la Mfalme Fahd, lile lililokuja kuitwa Kombe la Mabara, japo walifungwa 3-1. 2002 FIFA wakapigisha kura ya goli bora la karne la Kombe la Dunia, lake likashika namba 6. Namba sita duniani!! Dawa gani ya minyoo imeshika namba sita duniani?

Al-Jaber namheshimu, kombe nne yule, 94, 98, 2002, 2006, na kafunga kwenye matatu. Ila goli lake la 94 ni PENALTI, tena na Morocco. Sasa utawakokotaje Wabelgiji kwenye penalti ya Morocco?? Nilimwuliza hivyo. Akasema "mgonjwa anaomba dozi ya pili". Wakacheka tena.

---

SitiYaMbele: Nimekaa pale na karanga zangu.

Kiberiti_Chaki: Mkuu swali la kitaalamu, kabla ya kula au baada?

Mama Ntilie Og: Huyo jamaa ni janga. Ndo huyo aliwaambia watu offside iliwekwa kwa ajili ya uwanja wenye tope. Na watu wakaitikia "aaaah"

Kanda_ya_Mjomba: Kiberiti una bahati uko nyuma ya simu.

Otis_wa_Eastleigh: Manze huku kwetu jaba ni miraa. Kwa hivyo huyo dogo alitaja miraa akapewa mwezi mzima? Mnitumie location ya hilo banda nina majina mengi ya hiyo kitu.

Kiberiti_Chaki: Na kwetu jaba ni lile pipa la maji. Dogo alikuwa anaulizia maji ya kumezea dawa 😂😂😂

Dereva_Riyadh: Mimi niko Riyadh mwaka wa saba naendesha gari. Mleta uzi yuko sahihi, hapa ukimtaja Owairan kwa mzee yeyote anakushika bega, hakuachii. Anakuonyesha kwa mikono, kikombe cha kahawa ni Mbelgiji, kopo la sukari ni Mbelgiji, tende ndo mpira. Ila kuna wengine hawaanzi na goli wanaanza na 96, alivyokamatwa Ramadhani kwa mambo ya pombe, akawekwa ndani na kufungiwa mpira. Ule mwaka ulimmaliza. Karudi kikosini 98 Ufaransa lakini hakuwa yule tena, wenyeji wakawapiga 4-0, kocha Parreira akafukuzwa mashindano hayajaisha. Na maisha yake yote ya mpira ni Al-Shabab tu, klabu ya hapa Riyadh, enzi zile wachezaji wa Saudia walikuwa hawaruhusiwi kwenda kucheza nje. Fikiria goli kama lile, dunia nzima imekuona, halafu Jumatatu unarudi mazoezini palepale.

Ila mimi nina la kwangu. Kafili wangu, yaani tajiri aliyenidhamini huku, ana miezi miwili hajanilipa na leo kanituma nimpeleke mbuzi wake kwa daktari. Mbuzi ana daktari wakuu, mimi jino linaniuma wiki ya pili.

SitiYaMbele: Pole mkuu. Mbuzi alipewa dawa gani?

Kiberiti_Chaki: OWAIRAN 😂😂😂😂 mbuzi anatafuna vizuri sana

Kanda_ya_Mjomba: Nyie watu mna laana.

Hilali_Damu29: Goli moja mnaliimba miaka thelathini, hata mwenyewe alishawahi kusema amelichoka. Msaudia wa kweli ni Salem Al-Dawsari. 22 Novemba 2022, Kombe la Dunia Qatar, uwanja wa Lusail, dakika ya 53, anauzungusha mpira kwenye boksi ya Argentina, Messi yuko uwanjani anaangalia, juu kona ya mbali, sarakasi. Argentina wamebeba kombe baadae lakini ile 2-1 haifutiki. Kafunga 2018 na Misri pia, kafunga na Mexico. Jumlisha.

Mama Ntilie Og: Jumlisha na penalti aliyokosa na Poland siku nne baadae, kipa wao Szczęsny kaipangua. Na ile Villarreal ya Hispania mliyompeleka 2018 kacheza mechi moja karudi.

Hilali_Damu29: Mechi yenyewe na Real Madrid dada, sare 2-2, akaingia wakiwa wanafungwa. Nyie mmecheza na nani?

Kanda_ya_Mjomba: Uzi sio wa Dawsari. Dawsari fungua wako. Uzi ni kwamba mtu anasogeza maiki mdomoni taratibu, TARATIBU wakuu, alikuwa na muda wa kujirudi, angeweza kusema "hapana jibu sio hilo" akaenda zake, lakini akatafakari, akachagua minyoo.

Fundi_Jenereta: Mimi huyo jamaa namdai. Nilimtengenezea jenereta akasema atanilipa fainali. Fainali ipi hakusema.

SitiYaMbele: Fundi tulia kwanza, ni jenereta hilo hilo lililozima dakika ya 89 juzi? Watu tukabaki tunaangalia ukuta, goli tumelisikilizia kwa jirani. Na buku hakurudisha. Akasema "mmeshaona 89, mnataka nini tena".

Fundi_Jenereta: Lilizima kwa sababu hana mafuta. Jenereta zima kabisa lile. Anatia lita moja mechi mbili.

Otis_wa_Eastleigh: Hapa kwetu mwenye screen anabadilisha channel mama yake akija. Second half yote tumewatch soap ya Wafilipino. Hakuna mtu alisimama, mama ni mama.

Mama Ntilie Og: Nyie wenye mabanda mna nafuu. Mimi nauza chakula nje ya lile banda, timu yao ikifungwa hawali. Wanapita na nyuso zile. Sufuria zima la wali nimerudi nalo Jumapili.

Dereva_Riyadh: Wali gani dada? Wa nazi? Usiniumize.

Mama Ntilie Og: Wa nazi na maharage, na kachumbari. Ulilala nje.

Dereva_Riyadh: 😭😭

Kanda_ya_Mjomba: Wakuu tusitoke kwenye mada tafadhali. Kuna mtu hapa anayeweza kuniambia nimwendeeje kesho? Nimetafuta goli lenyewe nimeliweka kwenye simu, nataka nifike mapema nimwekee mbele ya macho.

Kiberiti_Chaki: Nenda na kopo la dawa na maji. Umwambie nimemaliza dozi.

Babu Kahawa Chungu: Assalaam alaykum. Mimi situmii sana humu, mjukuu ndiye ananiandikia. Mimi ndiye niliyemwagiwa kahawa.

SitiYaMbele: ALLAHU AKBAR

Kanda_ya_Mjomba: Shikamoo mzee wangu. Naomba radhi sana mzee wangu, ilikuwa jazba.

Babu Kahawa Chungu: Marahaba. Jibu lako lilikuwa sahihi kijana, ni Owairan, hata mimi mwaka ule nililiona goli. Nilitaka kusimama nikutetee. Lakini kahawa ilikuwa ya moto na ilimwagika mahali ambapo mtu hasimami haraka. Na kanzu ilikuwa mpya, ya Ijumaa.

Kiberiti_Chaki: Sina mbavu 😂😂😂😂 mzee alinyimwa haki na kahawa

Mama Ntilie Og: Babu, doa la kahawa usilikaushe juani. Loweka maji ya baridi kwanza, halafu ndimu na chumvi, sugua kwa ndani sio kwa nje.

Fundi_Jenereta: Ndimu inachubua kitambaa. Tumia siki.

Mama Ntilie Og: Fundi we kadai pesa yako ya jenereta, mambo ya nguo tuachie.

Dereva_Riyadh: Babu nikija likizo nitakuletea kanzu ya huku, nipe urefu tu. Nikilipwa lakini.

Babu Kahawa Chungu: Mjukuu anasema hamsini na sita. Shingo isiwe ya kubana.

Kanda_ya_Mjomba: Wakuu, kuhusu kesho jamani

Hilali_Damu29: Dereva hizo kanzu huko zinaendaje kwa sasa? Nataka mbili, nyeupe na ile rangi ya maziwa.