Karatasi ya miraba, programu, au kufumua nguo kuukuu? Nataka kuchora michoro yangu ya kufumia

ukili_wa_bibi
Assalaam alaykum jamani. Nina kitanda cha kufumia cha mezani, fremu nne (fremu ni kiunzi kinachoinua kundi la nyuzi kwa pamoja), nilichoachiwa na mama mmoja mgeni aliyekuwa akikaa Jambiani. Mwaka mzima nafuma kwa michoro ya watu: ingiza nyuzi 1-2-3-4, inua fremu ya 1 na ya 2, nami nafuata tu. Nguo inatoka, lakini ukiniuliza kwa nini imetoka vile, sina jibu.

Sasa nataka kuchora mwenyewe. Nina mkeka wa bibi yangu wa Konde, una vijicho vyekundu, na ninatamani kuvihamishia kwenye kitambaa cha meza. Nimeona njia tatu: penseli na karatasi ya miraba, programu ya kompyuta, au kufumua kitambaa kilichokwishafumwa nikisome. Ipi inafundisha kweli? Kompyuta ipo, ila mwanangu anaitaka kila jioni kwa kazi za skuli.

penseli_butu
Wa alaykum salaam. Karatasi, dada, bila ya mjadala. Daftari la hesabati linatosha. Juu andika kila uzi wa mtande, yaani nyuzi za urefu zilizotandikwa kitandani, umepita fremu gani. Pembeni andika kila mshindio, yaani uzi unaopita kwa upana, unainua fremu zipi. Kitanda cha mezani hakina kanyagio, kwa hiyo hata ile sehemu ya kufunga kanyagio huihitaji. Halafu jaza katikati, mraba mmoja mmoja: uzi huu uko fremu ya 3, mshindio huu unainua 2 na 3, basi mtande uko juu, paka nyeusi. Fremu yake haikuinuliwa? Acha nyeupe.

Ukimaliza miraba ishirini kwa ishirini kwa mkono wako, utaanza kuiona nguo kabla hujaichora. Programu haikupi hilo.

nyuzi8
Haikupi kwa sababu ushamaliza kazi na unakunywa chai 😄 Miraba ishirini kwa ishirini ni miraba 400. Ukibadili wazo, unafuta 400.

Fremu nne zina namna 14 za kuinuliwa, ukiacha kuinua zote na kutoinua hata moja. Fremu nane zina 254. Utazijaribu lini kwa penseli? Kwenye programu unabadili namba moja na nguo nzima inageuka mbele ya macho yako. Huna pesa ya programu? Jedwali la Excel lenye fomula kidogo linafanya kazi hiyo hiyo, mimi nilianzia huko.

Ila nikiri kosa langu. Nilichora ua zuri kwenye skrini, nikafuma mkoba. Sikuhesabu nyuzi zinazoelea. Pahala pamoja mshindio ulipita juu ya nyuzi 11 bila kuzama. Kitambaa kilikuwa cha nyuzi 8 kwa sentimita, kwa hiyo ni karibu sentimita moja na nusu ya uzi uliolegea. Siku ya pili tu umenasa kwenye msumari wa kiti cha daladala, ukavutika mpaka kati. Kwenye skrini ulikuwa mstari mweupe, mzuri kabisa.

mtumba_wa_darajani
Nyote mmeruka njia ya tatu, nayo ndiyo ya kwanza. Shoga, usianze na kanga, ile imepigwa chapa tu, ufumaji wake hauna habari. Kikoi nacho kwa kawaida ni moja juu moja chini, utajifunza mpangilio wa rangi basi. Na merekani, kile kitambaa cha pamba, tangu ile waliyoileta wafanyabiashara wa Salem karne ya 19, ni hivyo hivyo, fremu mbili zinatosha.

Tafuta suruali ya jinzi iliyochakaa. Kata kipande cha vidole viwili, ng'oa nyuzi za ukingoni mpaka mishindio ijitokeze, kisha chukua sindano na mwanga wa dirishani. Mtande ni buluu, mshindio ni mweupe, huwezi kuvichanganya. Ondoa mshindio mmoja, polepole, na uandike: buluu tatu juu, moja chini, tatu juu, moja chini. Mshindio unaofuata ni vile vile, ila umesogea uzi mmoja. Ndiyo siri yote ya ufumaji wa mshazari, ule wa mistari ya kwenda upande! Na hapo hapo unaelewa kwa nini jinzi ni buluu nje na nyeupe ndani. Kuna jinzi nyengine za mbili kwa moja, usishtuke.

bi_mkubwa_wete
Mwanangu, mie fremu sizijui, ukili, ule msuko wa mkeka, naujua. Huo mkeka usiuchore kama ulivyolala. Chane za ukili, vile vipande vya majani vinavyosukwa, zinakwenda mshazari, hazikwendi wima kama nyuzi zako. Mstari unaouona umenyooka kwenye ukili ni mbili juu mbili chini iliyopanda ngazi. Igeuze karatasi ikae kipembe, ndo uanze kuhesabu chane. Na jengine: mie kila chane naipeleka nitakako kwa kidole. Hicho kitanda chako kitakubali?

nyuzi8
Bi Mkubwa umemaliza kila kitu. Hakitakubali. Nyuzi zote zilizo fremu moja huinuka pamoja, zitake zisitake.

ukili_wa_bibi
Shikamoo Bi Mkubwa, ahsante sana. Kumbe ndiyo maana mchoro wangu wa kwanza ulitoka kama uzio! Nimegeuza karatasi, sasa jicho moja lina upana wa safu 13. Nitajuaje kama fremu nne zinatosha?

penseli_butu
Marahaba kwa niaba ya Bi Mkubwa 😀 Hesabu safu za wima zisizofanana. Safu mbili zikiwa sawasawa juu mpaka chini, zinakaa fremu moja. Idadi ya safu tofauti ndiyo idadi ya fremu.

Jicho lako bila shaka nusu ya kulia ni kioo cha nusu ya kushoto. Kwa hiyo safu 13 ni safu 7 tofauti, nawe unazo fremu nne. Lipunguze liwe la safu 7, ambazo tofauti ni nne tu: ingiza 1-2-3-4-3-2 na urudie, ukimalizia na 1. Kuinua: 1 na 2, 2 na 3, 3 na 4, 4 na 1, kisha rudi 3 na 4, 2 na 3. Kwenye ncha uzi utaelea juu ya tatu, si zaidi, daladala haikusumbui.

mtumba_wa_darajani
Na usiubane mtande kama wa kikoi. Zungusha uzi kwenye rula sentimita moja. Zikiingia 12, ufumaji wa moja juu moja chini tandika nyuzi 6 za mtande kwa sentimita, mshazari tandika 8. Ukiweka 6 jicho litatoka limevutwa kama embe.

ukili_wa_bibi
Nimechora kwa penseli usiku, umeme ulikatika kwa hiyo hata sikuchagua. Nimeingiza nyuzi 60 za kujaribia. Jicho la kwanza limetoka, la pili, la tatu lina mkia. Nimerudi kuhesabu: uzi wa 16 nimeupitisha fremu ya 3 badala ya 4. Naufungua sasa hivi.