Hadithi fupi 10, mashairi 40: tuzo, gazeti, WhatsApp au kuchapa mwenyewe?

Mwanagenzi
Wadau, tulinganishe. Mwandishi chipukizi ana hadithi fupi 10, kila moja kama maneno 3,000, na mashairi 40 ya arudhi, yaani yanayofuata vina na mizani (hesabu ya silabi). Njia ninazoziona ni nne: kushindania tuzo, kupeleka gazetini, kuuza WhatsApp kwa vipande, au kuchapa kitabu mwenyewe. Ipi itangulie, na ipi inaharibu nyingine?

Mkaguzi
Hilo la kuharibiana ndilo lenye uzito. Tuzo nyingi za hadithi hutaka kazi ambayo haijatoka popote, na kwa baadhi yake hata ukurasa wako wa Facebook unahesabiwa. Commonwealth Short Story Prize, tuzo ya hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola, inapokea hadithi za Kiswahili, haina kiingilio, inataka maneno 2,000 hadi 5,000. Mshindi wa kanda hupata pauni 2,500, wa jumla 5,000. Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanashiriki kwa uraia wao. Mrundi na Mkongo hawamo kwa sababu nchi zao si wanachama wa Jumuiya ya Madola. Kwa hiyo tenga hadithi tatu zilizo bora, zisionwe na mtu isipokuwa wasomaji wawili unaowaamini wakusahihishe. Kisha futa jina lako ndani ya faili, hasa lile dogo la juu ya kila ukurasa. Majaji husoma bila kumjua mwandishi, na kazi nzuri huenguliwa kwa kosa hilo.

Kibwagizo
Kwa hadithi sawa. Kwa mashairi nakupinga kidogo, gazeti lisidharauliwe. Taifa Leo imelea washairi miaka mingi, na shairi moja halina tuzo kubwa la kulisubiri. Tuzo kubwa za Kiswahili kwa kawaida hutaka diwani nzima, yaani mkusanyiko wa mashairi. Safal-Cornell, ile iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ina fungu la ushairi. Kwa Watanzania ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu, na washindi hutangazwa Aprili 13. Nyanja zinazoshindaniwa hubadilika, soma tangazo la mwaka husika.

Ila mhariri wa ukurasa wa mashairi hesabu yake ni ya vidole. Tazama mshororo (mstari) huu:

*Kalamu yangu na wino, shikeni nitoe neno*

Nane kwa nane, kina cha kati na cha mwisho ni "no". Sasa andika "nishikeni nitoe neno": utao, yaani nusu ya pili ya mshororo, umekuwa tisa, na shairi zima linarudi. Wengi huteleza kwenye "mtu" na "nchi", wakazihesabu mizani moja. Kila moja ni mbili. Peleka beti tano hadi saba. Safu ya gazeti ni nyembamba, la beti kumi na tano husubiri nafasi isiyopatikana.

Mwanagenzi
Na WhatsApp? Wapo wanaoishi kwayo.

Kibwagizo
Wanaoishi kwayo wanauza simulizi ndefu, kila sehemu inakatika pale msomaji anapotaka kujua kinachofuata ndipo anatuma M-Pesa. Hadithi ya maneno 3,000 huisha kwa sehemu mbili, huna cha kumdai mtu wiki ya pili. Halafu mteja mmoja akishalipa, anaisambaza kwenye makundi kumi. Nakushauri uache njia hii kwa hadithi fupi.

Fundi Chapa
Nije kwenye kuchapa. Maneno 30,000 kwa ukubwa wa A5, ukurasa ukibeba takriban 300, ni kurasa 100, na bado hujaweka jina, haki na yaliyomo. Mitambo mikubwa hukunja karatasi kwa mafungu ya kurasa 16. Ukifika 100 unalipia 112, na 12 zinabaki tupu. Punguza nafasi kati ya mistari ufike 96, au ongeza hadithi moja. Nakala 50 au 100, tumia mashine ya dijitali. Ofseti, yaani ile mitambo mikubwa, ina gharama ya pleti (bamba la kuchapia) ambayo ni ileile kwa nakala 100 au 1,000, ndiyo maana idadi ndogo huumiza. ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, kwa Tanzania omba Bodi ya Huduma za Maktaba kabla kava halijachorwa, maana msimbo pau (ile mistari ya namba hiyo) unakaa nyuma ya kava.

Mwanagenzi
Na mchapishaji akikubali muswada, niangalie nini kwenye mkataba?

Mkaguzi
Kwanza, nani analipa. Akikudai fedha ya kuchapa, huyo anakuuzia huduma ya uchapaji. Linganisha bei yake na ya Fundi. Pili, mrabaha, yaani malipo yako kwa kila nakala inayouzwa, ni asilimia ya nini. Kitabu cha shilingi 10,000, duka likipewa punguzo la asilimia 40, mchapishaji anabaki na 6,000. Asilimia 10 ya bei ya jalada ni 1,000. Asilimia 10 ya mapato yake ni 600. Mkataba ukiandika "asilimia 10" tu, usitie sahihi. Tatu, hadithi moja ikiingia kwenye mkusanyiko wa waandishi wengi, toa haki ya mkusanyiko ule tu. Wengine hutia sahihi ya "haki zote", na siku wanapotaka kutoa kitabu chao wanalazimika kuiombea ruhusa hadithi waliyoiandika wenyewe.

Fundi Chapa
Na muda uandikwe: asipochapa ndani ya miezi 18, muswada unarudi kwako.